Mkoma mlangoni Leicester: uchambuzi wa bustani moja ya mbele

Ombi nililoletewa, kama mtengeneza bustani, lilikuwa fupi: mtu akipita barabarani ajue hapa wanakaa watu wa pwani. Familia yenyewe ni ya Mombasa, imelowea Leicester, katikati ya Uingereza. Mke ni muuguzi wa zamu za usiku, mume ni dereva wa basi, wana watoto wawili, na wanaishi na mama wa mume, ambaye nyumba nzima inamwita Bi Mkubwa, na mimi nikafuata. Nyumba ni ya safu, zile za matofali mekundu zilizobanana ukuta kwa ukuta. Mbele yake, kati ya dirisha la sebule na njia ya wapita kwa miguu, kuna kipande cha upana wa mita 5 na kina cha mita 4. Walipoinunua kilikuwa zege lililopasukapasuka, na mapipa matatu ya taka yamejipanga juu yake.

Walikuwa na orodha tayari: mnazi, mgomba, mpapai, bogenvilia ya kupanda ukutani, asumini karibu na mlango, na yale majani mapana ambayo hakuna aliyejua jina lake lakini kila mmoja aliyaonyesha kwa mikono. Fedha, pauni 1,200. Sharti lilitoka kwa mke. Akirudi asubuhi kutoka kazini analala, hana muda wa kubembeleza mimea, na mumewe naye ratiba yake haieleweki. Sharti hilo liliamua mambo mengi kuliko baridi ilivyoamua.

Kabla ya kutaja mmea wowote, ilibidi tukubaliane wanataka kuona nini. Mwambie mtu wa Likoni au Kisauni akueleze ua wa kwao alikozaliwa. Atakwambia juu ya majani yaliyopita kichwa, kivuli kizito, majani yanayogongana upepo ukivuma, kijani kinachong'aa baada ya mvua, na harufu inayoanza magharibi. Maua atayataja baadaye, kama atayataja. Bustani ya mbele ya Kiingereza imejengwa kwa mpango mwingine kabisa: majani madogo, maua mengi, kila kitu chini ya kiuno, na nyasi zilizokatwa katikati. Kwa hiyo sura ya pwani inatengenezwa na ukubwa wa jani, umbo lake, na mimea kupandana ngazi kwa ngazi hadi udongo usionekane. Asili ya mmea haihesabiki sana. Mmea wa Japani ulionawiri utaonekana wa Mombasa kuliko mmea wa Mombasa unaokufa taratibu kwenye chungu.

Mnazi basi ulitoka kwenye orodha siku ileile. Hata sebuleni penye hita hauvuki salama majira ya baridi ya Uingereza. Mwanga hauutoshi na hewa ni kavu. Bogenvilia huishi pale ambapo barafu haifiki, yaani ndani ya banda la vioo, na wao banda hawana.

Watu wengi huogopa theluji, na theluji si tatizo kubwa la Leicester. Mji uko kwenye latitudo ya nyuzi 52 na zaidi kaskazini, mbali na bahari. Baridi yake si ya Moscow, ila ni ya majimaji na giza. Mwishoni mwa Disemba urefu wa mchana hauzidi sana saa saba na nusu. Udongo wa sehemu kubwa ya mji ni mfinyanzi unaoshika maji kuanzia Novemba hadi Machi, na kiazi cha mmea kikilala ndani ya matope ya nyuzi 4 miezi minne, kinaoza kabla baridi haijakigusa. Barafu ya usiku inaweza kuja hadi katikati ya Mei na kurudi Oktoba. Upande wa faida kuna kitu ambacho Mombasa haina: Juni urefu wa mchana unakaribia saa 17. Mmea wenye jani pana ukipewa mwanga huo, maji na mbolea, unakua kwa kasi inayowashangaza hata wenyeji wa tropiki.

Uwanja huu unatazama kusini-magharibi. Ukuta wa matofali nyuma yake hunywa jua la alasiri na kulirudisha usiku, jambo jema. Lakini kusini-magharibi ndiko pepo nyingi za Uingereza zinakotoka, na barabara ya nyumba za safu huzielekeza kama mfereji. Joto na upepo vimeingia kwa mlango mmoja. Jani pana lisilo na kinga hapa litakuwa matambara kufikia Agosti.

Chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza, RHS, kina vipimo vya uvumilivu wa baridi kutoka H1 hadi H7, na lebo nyingi za madukani huvitaja. H5 ni mmea unaohimili nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri. H4 ni 5 hadi 10 chini ya sifuri. H3 huishia 5 chini ya sifuri. Sikupanga kwa wastani wa baridi. Nilipanga kwa Disemba ya 2010, ambayo Uingereza haikuwa imeona baridi zaidi yake mwezi huo kwa zaidi ya miaka 100. Chochote nilichotaka kibaki nje mwaka mzima kilipaswa kuvuka baridi ya namna hiyo.

Jambo hili Waingereza wenyewe wamelijaribu zamani. Miaka ya 1860, mtunza bustani John Gibson alitengeneza bustani ya mimea ya tropiki katika hifadhi ya Battersea, London, na watu wakafurika kuitazama. Mwaka 1993 Christopher Lloyd, mtunza bustani na mwandishi, aling'oa bustani ya waridi ya Great Dixter, huko East Sussex, akapanda migomba, kana na dalia mahali pake, na wapenzi wa waridi wakakasirika kwelikweli. Bustani zote mbili ni za kusifiwa. Ila Gibson alikuwa na mabanda ya vioo na kundi la vibarua, na Great Dixter ina watunza bustani wa kazi hiyo kila siku. Kila vuli mimea laini huchimbwa, hufichwa, na kila mwanzo wa kiangazi hurudishwa. Picha nyingi tunazoziona za bustani za aina hii zimesimama juu ya jasho hilo. Muuguzi wa zamu za usiku hawezi kuwa na bustani ya Gibson, na asiahidiwe.

Nikagawa mimea mafungu mawili: wenyeji na wageni. Wenyeji hukaa nje mwaka mzima bila kufunikwa, na ndio wenye nyumba. Wakisimama peke yao Januari, uwanja lazima bado uwe na sura. Wageni huja Juni na kuondoka Oktoba. Bustani ya nyuma inaweza kukaa tupu majira ya baridi na mtu akafunga pazia. Ya mbele haina pazia. Unaipita ukienda kazini na ukirudi, na jirani, na tarishi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya fedha ilikwenda kwa wenyeji.

Mwenyeji wa kwanza ni Trachycarpus, mnazi wa baridi wa China. Robert Fortune ndiye aliyepeleka miche yake Uingereza mwaka 1849, na jina lake la kisayansi, fortunei, limebeba jina lake. Ni wa H5. Huko Ticino, kusini mwa Uswisi, umejiotea misituni hadi kuwa kero. Shina lake limevikwa nyuzi za kahawia na majani yake yana umbo la upepeo, hayana uhusiano na kuti la mnazi. Nilipoushusha garini, Bi Mkubwa alitoka mlangoni na mtandio wake, akaupapasa shina, akavuta jani moja karibu na uso.

"Mwanangu, huu si mnazi. Huu ni mkoma."

"Ni kweli, Bi Mkubwa. Mnazi hautaishi hapa."

"Basi tia. Mkoma nao ni wa kwetu."

Tangu siku hiyo nyumba nzima inauita mkoma. Kwa sababu ya upepo nilichagua ule wa aina ya wagnerianus, wenye majani madogo na magumu, mazito mkononi kama ngozi. Ule wa kawaida majani yake ni mapana zaidi na yanavutia dukani, lakini mahali pa wazi ncha zake huvunjika na kuning'inia. Uliwekwa theluthi moja kutoka upande wa kushoto, mbali na katikati ya dirisha, kwa sababu mti mmoja katikati ya uwanja mdogo huufanya uwanja uonekane mdogo zaidi, na sebule ingekosa mwanga.

Mpapai ulikuwa swali gumu. Mmea unaofanana nao kuliko yote ni Tetrapanax wa Taiwan: shina moja, na juu yake majani yaliyogawanyika, mengine yakifikia upana wa karibu mita moja. Nilivutiwa nao, nikaukataa. Mizizi yake huchipua mita kadhaa mbali na shina, na hapa mita kadhaa ni kwa jirani au chini ya njia ya umma. Isitoshe majani machanga yana unga laini unaowasha koo ukiyatikisa, na mlango wa mbele hupitwa kila saa. Badala yake tulipanda Fatsia japonica wawili, mmoja kando ya dirisha na mwingine mbele ya mapipa. Jani lake ni la vidole kama la mpapai, linang'aa, na halidondoki wakati wa baridi. Fatsia kwa kawaida hujitanua kama kichaka. Ukiondoa matawi ya chini kila mwaka na kubakiza mashina mawili au matatu wazi, unapata umbo la mpapai mchanga, tena kwa bei ya kawaida ya mmea wa dukani. Huyu wa mbele ya mapipa amefanya kazi kuliko mmea wowote uwanjani.

Ukutani, mahali pa bogenvilia, ulikwenda Trachelospermum jasminoides. Unapanda kwa waya, hubaki na majani mwaka mzima, na Julai hutoa maua meupe yenye harufu inayokaribia asumini. Asumini yenyewe, ile ya kufungwa vikuba, Bi Mkubwa hakukubali mbadala. Imepandwa kwenye chungu, iko ndani kwenye dirisha la jikoni kuanzia Septemba, na kiangazi hutolewa hadi kizingitini. Hiyo ni kazi yake na anaifanya mwenyewe.

Mgomba uko kati ya makundi mawili. Musa basjoo, ambao watu huuita wa Japani ingawa asili yake ni kusini mwa China, mizizi yake huvuka baridi ya Uingereza ikifunikwa vizuri, lakini shina hugandishwa. Watunza bustani hukata majani, huzungushia shina wavu, hujaza nyasi kavu na kufunika juu mvua isiingie. Mwaka unaofuata mgomba huanzia kwenye urefu uleule na kupita mita 3. Njia ni nzuri kwa bustani ya nyuma. Mbele ya nyumba, mzigo wa nyasi uliofungwa kwa kamba husimama miezi mitano ukitazamwa na mtaa mzima, na mapipa matatu yanatosha. Tukaamua ukatwe hadi usawa wa goti kila Novemba, urundikiwe matandazo mazito, na uanze upya Mei. Kimo chake kinaishia mita 2 na kitu mwishoni mwa kiangazi, na katika kina cha mita 4 hicho ndicho kimo kinachofaa. Matunda hautoi ya kuliwa, na hilo lilisemwa mapema ili watoto wasisubiri.

Katika mimea iliyokataliwa, mmoja ulizua mjadala. Mume alikuwa ameona picha za mmea wenye majani ya vidole mekundu, wa kuoteshwa kwa mbegu kila mwaka, unaofika mita 2 kwa msimu mmoja. Bi Mkubwa alitazama simu mara moja tu: "Mnyonyo huo. Wa mafuta." Waingereza huupanda sana kwa sura yake. Mafuta ya nyonyo hayadhuru kwa kuwa sumu ya risini hubaki kwenye makapi, lakini mbegu yenyewe ni hatari, ni nzuri kama ushanga, na watoto wa shule hupita ukingoni mwa uwanja huu asubuhi na jioni. Katika bustani iliyofungwa ningeweza kuupanda na kukata vishada vya maua mapema. Hapa hapana.

Mianzi inayotambaa ilikataliwa bila mjadala. Mwenye nyumba ya safu akiipanda anapanda kesi na jirani. Dicksonia ya Australia, kangaga lenye shina kama mti, ina uzuri wa ajabu, lakini shina lake hukua kama sentimita 2 au 3 kwa mwaka, na kwa hiyo huuzwa kwa urefu wa shina na bei yake ni ya kutisha. Inataka pia kivuli na unyevu, na mimea ya bei kama hiyo huibwa mbele za nyumba usiku. Cordyline australis, ule wa New Zealand unaouzwa kila mahali kama mnazi wa bei nafuu, ni H3. Nikauacha, ingawa jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa nao wenye kimo cha dirisha la juu, umenyooka na kupendeza. Mzee huyo alifika Leicester mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, na Kiswahili chake cha Kampala bado kiko sawasawa. Alikuja kuniuliza kwa nini siupandi, na jibu langu hakulipenda.

Wageni walikuwa wachache kwa makusudi. Kana za majani mapana, kwa kuwa kila ua wa pwani una kana pembeni. Tangawizi ya mapambo, Hedychium densiflorum, inayovumilia kuliko jamaa zake na kuchanua kabla msimu haujaisha. Na majimbi. Kwenye vituo vya mimea jimbi la mapambo kwenye chungu huuzwa ghali. Kwenye maduka ya vyakula ya Belgrave Road, mtaa wa Kihindi wa mji huu, majimbi huuzwa kwa kilo. Chagua yaliyo magumu, yenye chipukizi la waridi kichwani. Yaweke kwenye udongo mwepesi karibu na hita mwezi wa Machi, jicho likiwa juu, na umwagilie kidogo tu hadi jani la kwanza litokeze. Juni yatoe nje na uyamwagilie bila huruma. Agosti utakuwa na majani ya kumfunika mtoto mvua. Kana nazo zina kasoro yake: nyingi zinazouzwa zina virusi. Ukiona jani lina michirizi ya njano kati ya mishipa, liache dukani hapohapo.

Zege liliondolewa isipokuwa njia ya mlangoni na mahali pa mapipa. Tangu Oktoba 2008, mtu wa Uingereza akitaka kufunika zaidi ya mita 5 za mraba mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji, na maji yakaenda barabarani, anahitaji kibali. Kulifungua zege hakuhitaji kibali cha mtu. Udongo uliinuliwa kwa matofali sentimita 30, ukachanganywa na changarawe na mboji, ili maji ya Januari yapate pa kwenda. Chini ya dirisha tuliacha nafasi ya benchi. Waingereza hawakai mbele ya nyumba zao, lakini bustani ya pwani isiyo na baraza ingekuwa mapambo ya dukani.

Tulipanda Mei 2022, na mwaka huo ulikuwa mtihani. Tarehe 19 Julai, Coningsby katika kaunti jirani ya Lincolnshire ilifika nyuzi 40.3, joto ambalo Uingereza haikuwahi kulipima kabla. Mgomba ulikunjua majani kwa haraka mradi una maji. Fatsia wa dirishani, aliyekuwa juani bado mchanga, aliungua kingo. Disemba ikaja na baridi ya zaidi ya wiki moja bila kulegea, na Braemar, Uskoti, ikapima nyuzi 17.3 chini ya sifuri. Leicester haikufika huko, lakini usiku baada ya usiku udongo wa juu uliganda.

Kuanzia Machi kila kitu kilionekana. Mkoma haukupoteza jani. Fatsia walilala kifudifudi siku za baridi kali, majani yakining'inia kama yamekufa, kisha wakainuka wenyewe. Trachelospermum uligeuka mwekundu na kubaki hai. Mgomba ulitoboa matandazo mwezi wa Mei kwa machipukizi matatu. Tangawizi ilichelewa hadi Juni, ikaja. Kana zilizoachwa ardhini chini ya matandazo, zile za upande wa njia ambako changarawe haikutosha, zilikuwa uji wa kahawia. Za upande wa ukuta zilipona. Baridi ilikuwa moja pande zote mbili, maji ndiyo yaliyotofautiana. Cordyline ya yule mzee, kama nyingine nyingi nchini mwaka ule, iliambuka maganda na majani yake yakang'oka kwa mkono, ingawa kiangazi ilichipua tena kutoka chini.

Marekebisho yaliyofuata yalikuwa madogo. Upande wa njia hauna kana tena, umejaa majimbi, ambayo hung'olewa Oktoba na kuwekwa kwenye boksi la kadibodi chini ya ngazi, yakiwa makavu. Fatsia wa dirishani alipewa kivuli cha mgomba kwa kuusogeza mgomba nusu mita. Mke, aliyesema hana muda, humwagilia saa moja asubuhi akitoka zamu kabla ya kuingia ndani, miezi ya Juni hadi Agosti tu. Mzee wa ng'ambo ameshapewa chipukizi moja la mgomba, na bado anabishana na Bi Mkubwa iwapo utazaa.